Mchungaji Anachungwa na Nani?

Swali linaloulizwa zaidi kuhusu viongozi wa kanisa siku hizi ni kama wana upako au hawana. Ni swali baya, na limeleta hasara kubwa. Linamfanya mshirika ampime mchungaji wake kwa kelele za ibada, kwa idadi ya walioanguka alipowawekea mikono, na kwa uhodari wake wa kutaja namba za simu za watu asiowajua. Mchungaji naye hujipima kwa kipimo hicho hicho, na asipokifikia huanza kuhangaika na mafuta, chumvi na maji ya kumwongezea nguvu. Swali lenye faida ni jingine: huyu mchungaji, au askofu, au huyu anayejiita mtume, anachungwa na nani? Nani anaweza kumwambia amekosea na bado wakabaki ndugu? Nani anajua kwamba hajalala vizuri tangu mwezi uliopita? Hoja yangu katika sura hii ni kwamba sehemu kubwa ya matatizo ya uongozi wa kanisa leo, kuanzia uchovu hadi ukatili unaofanywa kwa jina la Mungu, inatokana na mtu mmoja kuwekwa juu peke yake, mahali asipoulizwa wala kusaidiwa. Nitaigusa kwa pande tatu: uchovu, mamlaka na fedha.

Uchovu ndio unaofasiriwa vibaya kuliko yote. Mchungaji wa usharika wa kijijini huwa na mitaa kadhaa ya kuitembelea, mingine haifikiki kwa bodaboda wakati wa masika. Jumapili anahubiri, anabatiza, anasubiri mnada wa ndizi, mayai na kuku waliotolewa sadaka uishe, kisha anakaa na kamati ya ujenzi mpaka jioni. Jumatatu kuna msiba. Jumanne kuna ndoa inayovunjika, na pande zote mbili zinataka aseme nani ana haki. Simu yake inaita usiku kwa sababu kila mtu anaamini kuwa mchungaji halali. Mama mchungaji anapokea wageni wote hao, anawapikia, anasikiliza siri za wanawake wa usharika, na kazi yake haimo katika bajeti yoyote. Mtu huyu akianza kukosa usingizi, kukasirika ovyo na kuona kuomba ni mzigo, ataambiwa ana pepo la uchovu, au amerogwa na mzee aliyekosana naye kwenye uchaguzi wa baraza. Atapangiwa kufunga siku saba, wakati mwili wenyewe tayari haushibi wala haupumziki. Huu ni upuuzi, na unaua watu wema. Eliya alipolala chini ya mretemu akiomba afe, hakuna aliyemkemea pepo. Alipewa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena, na mwisho wa safari ile akapewa Elisha wa kufanya naye kazi. Paulo alipokuwa gerezani, mwisho wa maisha yake, alimwagiza Timotheo amletee joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, pamoja na vitabu vyake, na amchukue Marko aje naye, kabla ya majira ya baridi. Mtume mwenyewe alihitaji nguo ya kumkinga na baridi, kitu cha kusoma na watu wa kukaa nao, akayaomba bila aibu.

Upande wa mamlaka ndiko tafsiri mbovu ya Maandiko inakofanya kazi kubwa zaidi. Zaburi ya 105 ina onyo la kutowagusa masihi wa Bwana, na onyo hilo hutolewa mara tu mhasibu wa kanisa anapouliza zilikokwenda pesa za mradi. Zaburi ile inazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache, wageni, wakihama nchi hadi nchi, na walioonywa ni wafalme. Kwa hiyo inamlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Kuitumia kumlinda mwenye nguvu asiulizwe na mnyonge ni kuipindua. Daudi alikuwa mpakwa mafuta kweli, tena mfalme, na Nathani akamkabili ndani ya nyumba yake. Petro alikosolewa na Paulo mbele ya watu huko Antiokia. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unaweka hata utaratibu wa kupokea mashtaka dhidi ya mzee wa kanisa, kwa mashahidi wawili au watatu. Utaratibu wa kushtaki hauwekwi kwa mtu asiyeruhusiwa kushtakiwa.

Madhara ya kukwepa maswali tumeyaona. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Miaka mitatu baadaye, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili iliyofikia zaidi ya 400, ya watu wazima na watoto, wengi wao waliokufa kwa njaa baada ya kufundishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Matukio haya hayalingani, na si haki kuyatia kapu moja: la kwanza ni ajali katika mkutano wa hadhara, la pili ni mauti yaliyofundishwa. Lakini yote mawili yalikuta waumini waliozoeshwa kuamini kwamba kuuliza ni ukosefu wa imani. Wapo wanaosema dawa yake ni vyeti. Rwanda ilitunga sheria mwaka 2018 inayowataka viongozi wa taasisi za dini wawe na shahada, na maelfu ya nyumba za ibada zikafungwa kwa kukosa viwango. Elimu naitetea kwa nguvu zote; mchungaji asiyejua kusoma andiko katika muktadha wake ni hatari. Hata hivyo, msomi aliye peke yake bado yuko peke yake, na shahada haimzuii mtu kujitenga na wenzake.

Kuna mfano mmoja katika historia yetu unaoonyesha jambo hili kuliko vitabu vyote vya uongozi vinavyoletwa kutoka ng'ambo, nao unastahili nafasi. Gahini ni kilima kilicho kando ya ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kulikuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana, na daktari wake kijana, Mwingereza Joe Church, alikuwa amepita katika njaa kali iliyoikumba nchi. Alikuwa ameishiwa nguvu za mwili na za roho pia. Mwaka 1929 alikwenda Kampala kupumzika, na huko Namirembe akakutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi. Nsibambi hakuwa kasisi wala chini ya misheni ya Gahini. Alikuwa mlei mwenye kiu ya kumjua Mungu zaidi. Wawili hao walikaa na Biblia wakifuatilia pamoja mafundisho juu ya Roho Mtakatifu, wakaombeana. Church akarudi Gahini mtu mwingine. Kutoka hapo, katika miaka ya 1930, ulienea ule Uamsho wa Afrika Mashariki uliofika Uganda, Burundi, Kenya, hadi Buhaya na kwingineko Tanganyika.

Wahubiri hupenda kusimulia Uamsho kama habari ya nguvu zilizoshuka: watu wakilia usiku, wakitetemeka, wakirudisha ng'ombe walioiba. Hayo yalikuwepo. Kilichoufanya udumu kwa miongo mingi, hata hivyo, ni kitu kisicho na kelele, yaani ushirika wa kila wiki ambamo watu walikaa duara wakaambiana ukweli. Daktari wa kizungu alikaa na mtumishi wa hospitali, mwalimu na mkulima, na katika nchi za kikoloni hilo peke yake lilikuwa jambo la kushangaza. Mhudumu wa wodi aliweza kumwambia mmisionari kwamba amemwona akiwadharau Waafrika, na mmisionari akaomba radhi. Hawakutuma mtu mmoja kuhubiri. Walituma kundi, na kabla ya kupanda jukwaani kundi hilo lilipatana kwanza lenyewe. Mkutano ulipokuwa mkubwa, hakuna aliyeweza kusema ni wake. Hata walipogombana na kanisa lao hawakukimbilia kusajili jipya: mwaka 1941 wanafunzi 26, William Nagenda akiwa miongoni mwao, walifukuzwa chuo cha Askofu Tucker huko Mukono, na bado wengi wa ndugu hao walibaki ndani ya kanisa la Kianglikana. Kutoka ushirika huu walikuja viongozi wa kupigiwa mfano, kama Festo Kivengere wa Uganda na Josiah Kibira, aliyekuwa askofu wa Kilutheri kule Bukoba na rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984.

Mpinzani makini hatanyamaza hapa. Atasema: Rwanda hiyo hiyo uliyoitaja ndiyo iliyoingia katika mauaji ya kimbari mwaka 1994, watu wakachinjwa ndani ya makanisa, na baadhi ya viongozi wa dini wakatiwa hatiani na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha. Ushirika wenu ulisaidia nini? Pingamizi hili ni zito, na anayeusifu Uamsho bila kulijibu anadanganya. Wapo Wakristo waliokufa kwa kukataa kuwatoa jirani zao, lakini hao hawafuti waliokubali. Jibu langu ni kwamba maswali yaliyoulizwa katika duara zile yalikuja kupungua. Mtu aliulizwa kuhusu pombe, uzinzi, wizi na hasira. Mara chache mno aliulizwa anawasemaje watu wa kabila jingine akiwa nyumbani kwake, au askofu wake anapokea nini kutoka kwa rais. Viongozi wa makanisa makubwa walikaa karibu mno na watawala, na ukaribu huo haukuhesabiwa kuwa dhambi ya kuungamwa. Kwa hiyo ushirika haukushindwa kwa sababu watu kuulizana ni bure. Ulishindwa pale ambapo swali kubwa kuliko yote lilipigwa marufuku. Ushirika wa wachungaji leo ambao unaulizana kuhusu maombi ya alfajiri, na hauulizani kuhusu ukabila, fedha na bahasha za wanasiasa, utaishia pale pale.

Uganda ilikuwa imeonyesha upande wa pili. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 katika Uamsho huo huo, huwa anasimuliwa kama shujaa aliyesimama peke yake mbele ya Idi Amin. Hakusimama peke yake. Nyumba yake ilipopekuliwa usiku Februari 1977, maaskofu wenzake walikutana naye wakaandika barua ya pamoja kwa rais wakilaani mauaji na uonevu, wakaitia sahihi kwa majina yao. Siku chache baadaye, tarehe 16, Luwum aliuawa, na Askofu Kivengere, mmoja wa wenzake, akalazimika kutoroka kwa miguu kupitia milimani kuingia Rwanda. Ujasiri tunaouhusudu kwa mtu mmoja ulikuwa umeandaliwa na kundi. Mchungaji anayejilaumu leo kwa kukosa ujasiri wa kumkemea diwani au mbunge anayenunua kanisa kwa mabati, ajiulize kwanza ni wenzake wangapi wangetia sahihi pamoja naye, na akaanze hapo.

Yapo mapingamizi mengine madogo. Moja ni kwamba makanisa ya zamani yana halmashauri, sinodi na katiba, na bado yanafikishana mahakamani. Ni kweli, kwa sababu kikao si ushirika. Katika kikao mtu hutetea nafasi yake, na anayekuuliza anaweza kuwa ndiye anayekitaka kiti chako. Kikao kinahitajika kwa hesabu na maamuzi, lakini hakitoshi kumtunza mtu. Jingine ni kwamba mchungaji akifungua moyo, habari itafika kundi la WhatsApp la kwaya kabla ya machweo. Ndiyo maana hafungui moyo kwa kila mtu. Anahitaji wawili au watatu, ikiwezekana nje ya usharika wake, hata wa dhehebu jingine, ambao hawamtegemei wala hawamwogopi. Nsibambi alikuwa mtu wa namna hiyo kwa Church.

Kuhusu fedha sitakaa sana, maana jambo lenyewe halina fumbo. Hesabu zisomwe mbele ya washirika, watia sahihi wawe zaidi ya mmoja na wasiwe mume na mke, na anayefundisha kwamba sadaka ni mbegu inayomlazimisha Mungu kulipa aambiwe wazi kuwa anauza kitu asicho nacho. Upande wa pili, usharika unaomlipa mchungaji wake nusu mshahara kwa miezi sita kisha unashangaa amefungua duka, ujitazame. Paulo alishona mahema kwa hiari yake, na bado aliandika kwamba mtenda kazi anastahili ujira.

Mchungaji anayesoma haya akiwa amechoka asingoje sinodi ibadilishe mfumo wote. Church hakungoja misheni yake ipitishe azimio. Alimpata mtu mmoja. Amtafute mtumishi mwenzake wiki hii, wapange siku ya kukutana kila mwezi, na siku ya kwanza kila mmoja ajibu maswali matatu: unalalaje, unadaiwa nini, na nani nyumbani kwako anaumia kwa sababu ya kazi hii. Wazee wa kanisa nao, wanapopanga bajeti ya mwaka, waandike likizo ya mchungaji na jina la atakayeshika zamu, na mwenyekiti wao awe na wajibu wa kuhakikisha ameondoka kweli, yeye na familia yake, simu ya usharika ikibaki kwa katibu.