Poda ya kinyozi na hesabu ya ushuru

Mjini Nakuru, mteja hatoki kwenye kiti cha kinyozi kabla brashi yenye poda haijapita shingoni. Fundi wa pancha huinyunyiza ndani ya tairi ili tyubu isigandamane nalo, na mchezaji wa pool hujipaka mkononi ili fimbo iteleze. Kuanzia Naivasha hadi Molo, mkebe wenye picha ya mtoto hununuliwa pia na watu wazima wasio na mtoto nyumbani.

Mfanyabiashara mmoja wa jumla, aliyeomba asitajwe jina, ana lalamiko analolirudia kila afunguapo daftari. Mwaka 2022 ushuru wa bidhaa kwa vipodozi ulipanda kutoka asilimia 10 hadi 15. VAT ya asilimia 16 nayo hutozwa juu ya bei ambayo tayari imebeba ushuru huo. Poda ya shilingi 100 kiwandani inakuwa ya shilingi 133 na senti 40 kabla haijapakiwa kwenye lori. Mwenye duka wa Njoro bado anadai bei ya zamani. Kwa hiyo mfanyabiashara huyo amepunguza mikebe mikubwa na kujaza ghala midogo: faida kiduchu, lakini inatoka.

Ofisa mmoja wa serikali hushikilia ile 15 peke yake, na kusema vipodozi ni anasa. Hoja hiyo haimezeki. Fundi wa matairi kando ya barabara ya Gilgil hanunui urembo.

Lililo zito zaidi ni usalama. Julai 2024 wataalamu wa kimataifa wa saratani waliiweka talki, madini yanayosagwa kutengenezea poda, miongoni mwa vitu ambavyo yaelekea husababisha ugonjwa huo kwa binadamu, na madaktari wa watoto wameonya kwa miaka mingi kuhusu vumbi lake kuingia mapafuni. Kampuni kubwa ya Marekani iliiacha talki katika poda yake ya watoto duniani kote mwaka 2023, ikahamia wanga wa mahindi. Ofisa yule anasema alama ya ubora iliyo kwenye mkebe inatosha. Lakini alama hiyo haimwambii mama kama ndani mna talki au wanga. Hilo limo katika maandishi madogo ya nyuma, kama yanasomeka.

Wanga ungeweza kuwafaa wakulima wa Njoro na Molo, ila mahindi yao hugombewa kwanza na wasagaji wa unga. Mfanyabiashara wa jumla anatarajia mauzo yabaki yalipo, pengine yapande kidogo wakati wa jua na vumbi la Januari na Februari. Mikebe mikubwa hajaiagiza.