Motokaa ya Probox na Umri Wake Katika Mchanga wa Tseikuru

Mtu aliyewahi kungojea gari sokoni Tseikuru siku ya mnada hahitaji kuelezwa Probox ni nini. Ni ile motokaa yenye umbo la sanduku, isiyo na urembo wowote, ambayo asubuhi hubeba ndengu, adhuhuri hubeba walimu, na usiku, mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, mwenyewe hugongewa mlango ili ampeleke hospitali ya Mwingi. Mimi ni karani wa Serikali katika mji huu, na mwezi uliopita nilichukua fomu ya mkopo katika chama chetu cha akiba nikinuia kununua moja. Kabla ya kutia sahihi niliona yafaa niwaendee wenye motokaa hizo, niwaulize neno moja tu: je, hudumu?

Kwanza nieleze asili yake. Kampuni ya Toyota ya Japani ilianza kuiuza mwaka 2002, iwe gari la kazi la bei nafuu kwa maofisi na wafanya biashara wadogo. Injini ya nyingi zilizofika kwetu ni ya sentimita za ujazo 1,496, nayo vali zake huendeshwa kwa mnyororo wa chuma, si kwa mkanda wa mpira ambao sharti ubadilishwe kila baada ya muda. Umbo la pili lilitokea mwaka 2014. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza motokaa iliyotumika ambayo imepita miaka 8 tangu ilipoandikishwa mara ya kwanza. Kwa hiyo zile za umbo la kwanza haziji tena, na zilizopo zinazeeka mikononi mwetu. Anayeinunua leo ananunua pia tabia za madereva wote waliomtangulia.

Nilianza kwa mwalimu mmoja mstaafu. Alinunua yake mwaka 2013, ikiwa imekwisha kutumika Japani, na mita yake sasa inaonyesha kilomita 340,000. Nilipomwuliza juu ya uimara wake hakunijibu, bali aliingia nyumbani akatoka na daftari la shule. Humo mmeandikwa kila shilingi. Oili ya injini hubadilishwa kila kilomita 5,000, wala hapana mwezi uliorukwa hata mwaka wa njaa. Chujio la hewa hukung'utwa kila Jumamosi wakati wa kiangazi, kwa kuwa vumbi la barabara zetu ni kama unga. Klachi imebadilishwa mara mbili, shokomzoba mara nne, na kurasa tatu nzima ni bushi tu. Injini haijapata kufunguliwa.

"Kijana wangu," akaniambia, "mawe ya barabara hula miguu ya gari, na hilo huwezi kulizuia. Lakini moyo wake huuawa na mwenyewe."

Toka hapo nilimwendea mnunuzi wa ndengu, ambaye alikuwa na hasira. Yake ni changa kuliko ya mwalimu kwa miaka 3, lakini amenunua klachi tatu katika mwaka mmoja, na bodi imepasuka karibu na mlango wa nyuma. Alisema kwamba motokaa hizi zimesifiwa bure. Nikamwuliza hupakia magunia mangapi. Akasema manane. Wasomaji wapige hesabu: gunia ni kilo 90, basi manane ni kilo 720; na gari hilo lilikadiriwa kubeba kilo 400 pamoja na watu 2, au kilo 250 pamoja na watu 5. Tena nyingi za Probox huvutwa na magurudumu ya mbele. Mzigo ukilemea nyuma, mbele huwa kwepesi, na likifika katika mchanga wa mto mkavu magurudumu huzunguka bure, dereva huzidisha moto, na klachi huungua.

Nilimweleza hayo kwa upole. Akanitazama, kisha akasema, "Bwana Karani, ndengu hukomaa kwa watu wote wiki moja, na bei huanguka wiki ya pili. Magunia yakilala shambani, ofisi yako itanilipa?" Nakiri kwamba sikuwa na jibu.

Habari iliyonihuzunisha zaidi ni ya muuguzi mmoja. Alinunua kwa mfanya biashara wa jijini motokaa iliyoonyesha kilomita 80,000. Fundi wetu alipoitazama, mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika kabisa na kiti cha dereva kimebonyea kama kitanda cha mzee. Mita ilikuwa imerudishwa nyuma. Ikawa inakunywa oili, na usiku mmoja ilizimika njiani kabla ya Kyuso, mtoto wake mwenye homa akiwa kiti cha nyuma. Lori la mchanga ndilo lililowaokoa. Mtoto alipona, lakini mkopo angali akiulipa.

Nilimwuliza fundi huyo kwa nini basi watu hawaiachi. Alinionyesha Peugeot 504 iliyo nyuma ya karakana yake, ambamo kuku hutagia. Aina hiyo ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1975 na 1978, na wazee husema haikuwako iliyo imara zaidi. Spea zake zilipoadimika ilisimama pale pale. Ya Probox, asema, akitaka bushi asubuhi huagiza Mwingi na jioni ameifunga, na kijana aliyefunzwa miaka miwili chini ya mgunga huweza kazi hiyo. Mimi naona maneno yake yana uzito kuliko sifa zote za injini.

Sasa mwalimu amekubali kuniuzia ile yake, pamoja na daftari, lakini anataka shilingi 90,000 zaidi ya bei ya nyingine za mwaka ule ule. Mke wangu asema hiyo ni bei ya mtu asiyetaka kuuza. Fundi asema nilipe upesi kabla mnunuzi wa ndengu hajasikia. Fomu ingali mezani bila sahihi, na mwalimu amenipa muda hadi mwisho wa mwezi.