Jigi moja, misimu minne: kwa nini besi hakai sehemu moja?

Ukitembelea Ziwa Naivasha unaweza kukutana na samaki anayeitwa besi. Siyo mwenyeji pale. Asili yake ni Marekani, na aliletwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Kwao joto la maji hubadilika sana ndani ya mwaka mmoja, na karibu kila anachofanya besi kinafuata joto hilo.

Hebu tumfuate mpaka Sam Rayburn, bwawa kubwa la mashariki mwa Texas lililopatikana kwa kuzuia mto Angelina. Lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 460. Utampataje samaki mmoja kwenye maji yote hayo?

Wavuvi wengi hutumia jigi, yaani ndoano yenye kichwa kizito cha risasi, iliyovalishwa "sketi" ya nyuzi laini za mpira. Ikirukaruka chini inafanana na kamba wa mtoni, chakula ambacho besi anakipenda. Na kwa kuwa ni nzito, unaweza kuifikisha kina unachotaka. Kazi ni kujua kina gani.

Majira ya baridi. Mwili wa besi una joto lilelile la maji. Maji yakipoa kwa nyuzi 10 hivi za Selsiasi, kazi za kikemia mwilini hushuka kasi kwa karibu nusu au zaidi. Chakula kinachelewa kusagika, kwa hiyo njaa nayo inachelewa. Besi wengi hushuka kwenye kina na kutulia. Hapa jigi huvutwa polepole sana, maana samaki hana nguvu za kupoteza kwa kukimbizana.

Majira ya kuchipua. Maji yakifika nyuzi 16 hivi, besi hupanda kwenye maji mafupi kutaga. Dume huchimba kiota, na jike akishataga, dume ndiye anayebaki kulinda mayai. Jigi ikitua kiotani ataivamia hata kama hana njaa, kwa sababu anaiona kama mwizi. Ndiyo maana kumnasa ni rahisi mno. Lakini akiondolewa, samaki wadogo wanaweza kuyavamia mayai ndani ya dakika chache.

Majira ya joto. Ungetegemea samaki akimbilie chini kabisa kwenye ubaridi, sivyo? Tatizo ni hewa. Maji ya moto ni mepesi, yanaelea juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika nayo. Huko chini bakteria wanaoozesha mabaki wanamaliza oksijeni, na hakuna nyingine inayoshuka. Basi besi wanakaa juu ya mpaka wa matabaka hayo mawili. Jigi iliyopita chini ya mpaka inahangaika bure.

Majani yakipukutika. Maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanazama. Bwawa linachanganyika tena na oksijeni inafika chini. Samaki wadogo wanaotembea kwa makundi, kama dagaa wetu, wanaingia kwenye vijito, na besi wanawafuata. Sasa jigi inaweza kwenda kasi kidogo.

Lakini kujua alipo samaki kunakupa na wajibu. Wengi wa wavuvi hawa humrudisha besi majini, wakiamini amepona. Ndani yake kuna kibofu cha hewa kinachomsaidia kuelea, nacho hakina njia ya kutolea hewa mdomoni. Kwenye kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Ukimvuta haraka, hewa ile inatanuka karibu mara mbili. Kibofu kinavimba, samaki anashindwa kuzama, anaelea ubavu juani, na anaweza kufa wakati wewe umeshaondoka ukijisifu kwamba ulimwachia.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua rangi ya sketi, pima joto la maji. Wakati wa kutaga, mrudishe dume palepale ulipomtoa, haraka. Na ukishapata besi wawili watatu kwenye kina kirefu wanaoshindwa kuzama, acha kuvua hapo. Hamia maji mafupi zaidi.