Farasi Mmoja, Vichwa Vitatu

Sisi watu wa pwani hatukuzoea kutundika sura za wakubwa ukutani. Heshima ya nyumba kwetu ilitazamwa mlangoni: mbao zilizotiwa nakshi, na pengine aya iliyochongwa juu. Wazungu wa karne ya 17 wao walichonga sura ya mwenye nyumba mwenyewe.

Kazi hiyo ilitaka subira. Fundi alichora mistari membamba katika bamba la shaba kwa chuma chenye ncha kali, tena kinyume, kulia kuwe kushoto. Kisha alitia wino, akapangusa ubaki ndani ya mistari tu, akakandamiza karatasi kwa mtambo. Bamba moja lilitoa mamia ya nakala. Picha ya rangi ilikaa katika kasri moja. Hii ya karatasi ilitembea. Na mtazamaji alijua pa kutazama: nishani, deraya, nembo ya ukoo, na vyeo vilivyoandikwa chini kwa Kilatini. Huko Ufaransa, Robert Nanteuil, aliyefariki mwaka 1678, alichonga sura zaidi ya 200, zikiwamo za Mfalme Louis wa 14 na mawaziri wake.

Je, sura hizo zilisema kweli? Sikilizeni kisa hiki. Mwaka 1633 Anthony van Dyck alimchora Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza juu ya farasi, amevaa deraya, mtumishi ubavuni. Januari 1649 mfalme huyo alikatwa kichwa. Baadaye fundi Mfaransa, Pierre Lombart, aliifuata picha ile katika bamba lake, lakini juu ya farasi akampandisha Oliver Cromwell, mmoja wa waliotia saini hati ya kumwua mfalme! Nyakati zilipogeuka kichwa kilikwanguliwa, na bamba lilo hilo likapata kubeba uso wa Louis, na uso wa Charles pia. Zimebaki hata nakala zisizo na kichwa kabisa.

Basi cheo kilikuwa cha nani, cha mtu au cha farasi?

Tusiwacheke. Katika safu ya sala tunasimama bega kwa bega, lakini tukifika arusini twampisha mbele mwenye joho la dhahabu hata kabla ya kumtazama usoni, na mwenye kanzu iliyofifia, aliyetusomesha alifu kwa kijiti, tunamwacha karibu na viatu. Wazee walisema uungwana ni vitendo. Huo hauchongwi shabani, wala hakuna awezaye kuukwangua.