Timu ndogo, presha kubwa: Kwa nini tumbo la shabiki huvurugika kabla ya mechi

Huenda hali hii unaijua vyema. Kesho asubuhi timu ya shule uliyosomea, au ile anayochezea mwanao, itashuka uwanjani. Wapinzani wenyewe si miamba. Ni shule ya kutwa ambayo mwaka jana ilibanduliwa mapema katika kiwango cha kaunti ndogo, na hata jezi zao hazifanani. Mjini kila mtu anakuambia kwamba kazi itakuwa imekwisha kabla ya mapumziko. Lakini usiku usingizi umekupaa. Tumbo linavuruga, viganja vinatoa jasho, na chai ya asubuhi haishuki. Ajabu ni kwamba majuzi, mlipokutana na mahasimu wenu wakuu, ulilala fofofo.

Wengi hudhani huo ni woga wa kitoto na huona haya kuutaja. Madaktari na wanasaikolojia hawauchukulii hivyo. Ni hali ya kawaida ya mwili, ina sababu zake, na kwa watu wachache inaweza kuwa hatari.

Wakazi wa Kitale na Bungoma wanaifahamu zaidi kuliko wengi. Kitale ndiko nyumbani kwa St Anthony's, shule ya wavulana iliyojipatia sifa nchi nzima katika kandanda na magongo, na Wiyeta, ambayo wasichana wake wametawala kandanda ya shule kwa vipindi virefu. Ukishika barabara ya kupitia Kiminini hadi Kamukuywa, kisha ukakata kuelekea Kimilili, utafika Friends School Kamusinga katika Kaunti ya Bungoma, ambako mchezo wa magongo ni kama urithi. Muhula wa kwanza huja na vikapu, magongo, raga na mpira wa mikono, na wa pili huja na kandanda, voliboli na netiboli. Kila mara shule hizi hulazimika kuanzia chini kabisa, dhidi ya vijana ambao hawana la kupoteza na ambao wamekuwa wakiisubiri siku hiyo mwaka mzima. Shabiki wa shule kubwa akifika kando ya uwanja siku kama hiyo, utamwona anacheka na wenzake huku macho hayatulii.

MWILI UNAFANYA NINI?

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala ambayo kazi yake ni kunusa hatari. Sehemu hii haina subira ya kuchunguza kama hatari ni chui au ni mkwaju wa penalti. Ikishtuka, ujumbe hukimbia hadi kwenye tezi mbili za adrenali zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga adrenalini katika damu. Baadaye kidogo hufuata homoni nyingine, kotisoli, ambayo hudumu kwa muda mrefu zaidi.

Adrenalini huharakisha mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo la damu. Ini hutoa sukari ili misuli ipate nguvu. Damu hupunguzwa tumboni na kwenye ngozi ikapelekwa kwenye misuli mikubwa ya miguu na mikono, na hiyo ndiyo sababu chakula hakishuki na vidole huwa baridi. Kinywa hukauka. Utumbo mpana nao, badala ya kutulia, hufanya haraka kuondoa ulichonacho. Foleni ndefu kwenye vyoo vya uwanjani kabla ya mechi si ya soda peke yake.

Maandalizi yote hayo yamekusudiwa mtu anayetaka kupigana au kukimbia. Mchezaji anakimbia, kwa hivyo anayatumia. Wewe shabiki umeketi. Nguvu imefunguliwa na haina pa kwenda, na zaidi ya hayo huna uwezo wowote juu ya matokeo. Ndiyo maana mashabiki hujitafutia kazi: kuvaa shati lile lile la siku ya ushindi, kukaa kiti kile kile, kukataa kutazama penalti. Hizo ni mbinu za akili kujipatia usukani ambao haupo. Hazina madhara, ila zisikufanye ugombane na aliyekalia kiti chako.

Mnamo 2017, watafiti wa Montreal, Canada, walichapisha matokeo ya kuwapima mashabiki 20 wa magongo ya barafuni, wote wakiwa hawana ugonjwa wa moyo. Waliotazama mechi kwenye televisheni, mapigo yao ya moyo yalipanda kwa asilimia 75. Waliokuwa uwanjani, yalipanda kwa asilimia 110, yaani zaidi ya maradufu, sawa na mtu anayefanya mazoezi makali. Nao walikuwa wameketi vitini.

KWA NINI WANYONGE WATUTISHE?

Hapa ndipo penye utamu wa jambo hili. Ingekuwa woga unatokana na nguvu za adui tu, basi timu dhaifu isingemnyima mtu usingizi.

Sababu ya kwanza ni hesabu ya faida na hasara. Mwaka 1979, wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walionyesha kwamba hasara humuuma binadamu kuliko faida ya kiasi hicho hicho inavyomfurahisha. Sasa tazama mechi yako. Ukiifunga shule isiyojulikana, umepata nini? Umelipwa tu deni ulilokuwa ukidai. Hakuna atakayekupigia makofi. Ukifungwa, utasikia habari zake sokoni, kanisani na ndani ya matatu hadi mwaka ujao. Mbele ya mahasimu wakuu, ushindi ni furaha kubwa na kushindwa kuna heshima yake. Mbele ya wanyonge kuna upande mmoja tu wa kuanguka.

Sababu ya pili ni kutojua. Watafiti wa London walichapisha mwaka 2016 jaribio ambalo watu walitakiwa kubashiri kwenye kompyuta kama chini ya jiwe fulani kulikuwa na nyoka. Nyoka akitokea, mtu alipigwa shoti ndogo ya umeme mkononi. Waliokuwa na hakika kwamba watapigwa walikuwa watulivu kuliko wale ambao hawakuwa na njia ya kujua, yaani waliokuwa na nafasi nusu kwa nusu. Mahasimu wako unawajua: unajua mfungaji wao, unajua kipa wao ana udhaifu gani. Hii shule ngeni ni jiwe ambalo hujawahi kuligeuza. Kwa maoni yangu, akili ikikosa habari huiweka hatari katikati, nusu kwa nusu, hata kama mwalimu wa michezo anaapa kwamba hakuna kitu pale.

Sababu ya tatu ni kumbukumbu. Mnamo Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN, Harambee Stars ilimaliza juu ya kundi lililokuwa na Morocco, Kongo, Angola na Zambia. Hata Morocco, ambayo hatimaye ilitwaa kombe, ilifungwa bao 1-0 huko Kasarani. Kisha robo fainali ikaleta Madagascar, na wengi wakaanza kuhesabu siku za nusu fainali. Kenya ilitangulia kufunga, Madagascar ikasawazisha, na baada ya sare ya 1-1 wageni wakashinda 4-3 kwa mikwaju ya penalti. Aliyeitazama jioni ile ya Agosti 22 hahitaji kuambiwa kwa nini tumbo lake sasa halimwamini mchambuzi wa redio.

Mashabiki wa vikapu wa vyuo vya Marekani nao wana jeraha kama hilo. Katika mashindano yao ya kila Machi, timu huorodheshwa kwa nguvu, na tangu utaratibu wa timu 64 uanze mwaka 1985, timu za wanaume zilizoorodheshwa nambari 1 zilikuwa zimezishinda zile za nambari 16 katika mechi zote 135. Machi 16, 2018, chuo kidogo cha UMBC kikaicharaza Virginia 74-54. Purdue nayo ikaangushwa na Fairleigh Dickinson mwaka 2023. Tangu hapo hakuna shabiki wa timu kubwa anayelala kwa amani kabla ya mechi ya kwanza.

Kwa hakika vikapu huwa na huruma kidogo kwa mwenye nguvu. Pointi ni nyingi, na kosa moja hufidiwa na mitupo kumi inayofuata. Katika kandanda na magongo, bao moja la bahati mbaya, mpira uliogonga kisigino cha beki, linaweza kumaliza kila kitu. Usidharau wembamba wa reli, garimoshi hupita.

Fanya hesabu hii nyepesi. Tuseme timu yako ina nafasi 90 kati ya 100 za kushinda kila mechi, na inahitaji kushinda mechi 5 mfululizo ili itwae kombe. Nafasi ya kuvuka zote tano ni takriban 59 kati ya 100 tu. Mahali fulani njiani kuna mnyonge anayekusubiri, hujui ni yupi. Tumbo lako halijakosea sana.

MOYO UNAPOINGILIWA

Kwa mtu mwenye afya, tufani hii hupita filimbi ikilia na usingizi wa usiku ukirejea. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, mambo ni tofauti. Madaktari wa Munich, Ujerumani, walichunguza wagonjwa wa dharura wakati wa Kombe la Dunia la 2006. Siku ambazo Ujerumani ilicheza, visa vya dharura za moyo vilikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya siku za kawaida, na miongoni mwa waliojulikana kuwa na ugonjwa wa moyo, vilikuwa karibu mara nne. Vingi vilitokea ndani ya saa mbili tangu mpira kuanza. Nchini Uholanzi, siku timu yao ilipotolewa na Ufaransa kwa penalti, Juni 22, 1996, vifo vya wanaume kutokana na mshtuko wa moyo na kiharusi vilipanda kwa karibu nusu.

Ni haki kusema kwamba si kila utafiti umekubaliana na haya. Uliofanywa Italia haukuona ongezeko kama hilo. Mpira peke yake hauui mtu mzima wa afya. Unachofanya ni kusukuma mlango ambao tayari umelegea, na taabu ni kwamba wengi wetu hatujui kama mlango wetu umelegea. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu Mkenya mmoja kati ya wanne walio watu wazima ana shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa. Shinikizo halina maumivu. Kupimwa huchukua dakika chache katika zahanati yoyote, iwe Kitale, Kiminini, Kimilili au Bungoma mjini, na kama umepita miaka 40 usingoje mechi ikusukume.

Ikiwa unatumia dawa za presha, siku ya mechi ndiyo siku mbaya kabisa ya kuzisahau, na safari ya mapema ya basi huwasahaulisha wengi. Zitie mfukoni. Usiazime vidonge vya jirani vya kutuliza moyo. Miraa huharakisha mapigo ya moyo, sigara hubana mishipa, na vile vinywaji vya mikebe vya kuongeza nguvu ni kumwaga mafuta ya taa motoni. Pombe huonekana kama dawa kwa saa ya kwanza, kisha huiba usingizi na kupandisha hasira, na ni familia nyumbani inayolipa. Kama umeweka pesa kwenye mkeka kwa sababu timu ni ya uhakika, umejiongezea mechi ya pili juu ya ile ya kwanza. Kwa mwenye presha, hilo ni afadhali liachwe.

Tembea. Robo saa kuzunguka uwanja kabla ya mechi huipa adrenalini kazi iliyoumbiwa. Kula kitu chepesi, kunywa maji. Vuta pumzi taratibu kwa pua na uitoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, mara kumi. Huu si ushirikina, kwani pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mwendo wa moyo. Mzazi, usimpigie mwanao simu ya usiku kupitia kwa mwalimu ukimwonya kwamba akishindwa na shule ile itakuwa aibu. Mtoto ana adrenalini yake ya kutosha.

Na mtu akishikwa na maumivu ya kifua yanayobana kama mzigo, yakienea mkononi, shingoni au tayani, pamoja na jasho baridi na kukosa pumzi, usiseme ni msisimko wa mpira utapita. Vivyo hivyo mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukilegea ghafla, au maneno yakikataa kutoka sawasawa. Mketishe, mlegeze nguo, na mtafute gari la kumfikisha hospitali kubwa iliyo karibu wakati huo huo. Msingoje kipindi cha pili kimalizike.