Alizeti ya Ufipa: Tunahesabu Magunia, Hatupimi Mafuta

Taarifa za miradi ya alizeti nchini hujaa hesabu mbili: tani za mbegu zilizogawiwa na ekari zilizolimwa. Ukifika sokoni Laela, Matai au Namanyere, unakuta hesabu ya tatu, nayo ni gunia. Lakini watu hulima alizeti kwa ajili ya mafuta, na mafuta ndiyo yasiyopimwa na mtu. Punje ya huyu ina mafuta kiasi gani? Ni mafuta ya namna gani? Kwa kawaida mnunuzi hajui, na mkulima pia hajui. Naamini hapo ndipo kazi kubwa ya watafiti wa mbegu inapopotelea, na nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa, zinalionyesha jambo hilo waziwazi.

Tuanze na chimbuko la mbegu bora zenyewe. Mtafiti wa Kirusi Vasily Pustovoit, aliyefanya kazi Krasnodar katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, alikuta alizeti ikiwa na mafuta kama theluthi moja ya uzito wa punje. Alichagua mimea mizuri, akagawa mbegu za kila mmoja mafungu mawili, fungu moja akalihifadhi na jingine akalipanda ili apime mafuta ya uzao wake. Uzao ulipofanya vizuri, alirudi kwenye akiba ya mama yake na kuendeleza mbegu hizo. Miaka ikapita, vizazi vikafuatana, na kiwango kikavuka asilimia 50. Mbinu yake ilisimama juu ya kipimo: bila kupima mafuta ya kila familia ya mimea, asingejua aendeleze ipi na aache ipi.

Miongoni mwa mbegu bora, ile ambayo wakulima wa Tanzania wameifahamu kwa miongo mingi ni Record. Kituo cha utafiti cha Ilonga, Kilosa, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), ndicho kilichobeba jukumu kubwa la kuitunza na kuisafisha. Sifa yake kubwa kwa mkulima mdogo ni kwamba anaweza kuvuna, kuchagua na kupanda tena. Chotara hazina ruhusa hiyo. Mfumo wa kuzizalisha uliwezekana baada ya Mfaransa Patrice Leclercq kuripoti, mwaka 1969, alizeti ambayo maua yake hayatoi chavua, hivyo ikawa rahisi kuichanganya na baba aliyechaguliwa. Chotara huzaa vizuri msimu wa kwanza, lakini ukipanda punje zake msimu unaofuata sifa zinatawanyika. Kwa mwenye ekari mbili na deni la mbolea, kununua mbegu mpya kila mwaka ni uamuzi mzito.

Nchi yetu imekwisha kuona kwamba mbegu peke yake haikamilishi kazi. Mwaka 1985, huko Arusha, mhandisi Carl Bielenberg alibuni mashine ndogo ya kukamua alizeti kwa mkono, na mradi wa kukamua mafuta vijijini ukajengwa juu yake. Mashine ilikuwa nzuri, lakini nguvu za mkono zina mpaka: punje yenye ganda nene na mafuta kidogo ilimchosha mkamuaji na kumpa mafuta machache. Ilihitaji punje yenye ganda laini na mafuta mengi. Kwa hiyo mashine na mbegu ilibidi zifike kijijini pamoja, na ilipopatikana moja bila nyingine, faida ilipungua.

Sasa tuje kwenye shamba la Ufipa. Alizeti huchavushwa na nyuki, na ua lake hupenda chavua ya mmea mwingine kuliko yake lenyewe. Mashamba yamepakana, ekari moja ya huyu na mbili za yule, na nyuki hajali mpaka. Mkulima aliyepanda Record safi akizungukwa na mbegu za kienyeji zenye ganda nene, atakachovuna ni mchanganyiko. Akihifadhi mbegu hiyo misimu mitatu au minne, jina linabaki Record ila sifa zimekwisha kuondoka. Angalia gunia lenye punje nyeusi, za mistari na nyeupe pamoja, utajua ndoa nyingi zimefungwa humo. Tusimlaumu mkulima huyu. Hakuna aliyemlipa zaidi kwa punje yenye mafuta mengi, basi kwa nini ahangaike kuitenganisha? Kwa bei ya gunia, punje kubwa yenye ganda nene inalijaza haraka zaidi.

Hayo ni ya wingi. Ubora wenyewe una undani zaidi. Mafuta ya kawaida ya alizeti yana asidi mbili kuu, oleiki na linoleiki. Linoleiki ni ya lazima mwilini, kwa kuwa mwili hauwezi kuitengeneza. Lakini huungana upesi na oksijeni, hivyo mafuta yenye linoleiki nyingi huchacha mapema dukani na huharibika haraka kwenye karai la chipsi au maandazi. Oleiki huvumilia moto zaidi. Huko huko Krasnodar, mtafiti Soldatov alitibu mbegu kwa kemikali ili kubadili jeni zake, akachagua mimea iliyokuwa na oleiki nyingi, na mwaka 1976 ikatangazwa aina iitwayo Pervenets. Alizeti nyingi za oleiki zinazolimwa duniani leo zina chimbuko hilo.

Hapa ndipo Ufipa inapokuwa na habari yake yenyewe. Kimeng'enya kinachogeuza oleiki kuwa linoleiki hufanya kazi vizuri kwenye ubaridi na hudhoofika kwenye joto, hasa joto la usiku wakati punje zinajaa. Sehemu kubwa ya nyanda hizi iko juu ya mita 1,500, ilhali Ziwa Rukwa liko kama mita 800 tu. Panda mbegu ile ile ya kawaida Laela, juu, na Muze, bondeni: ya Laela, iliyojaa punje katika usiku wa baridi, itaelekea kuwa na linoleiki nyingi zaidi. Mbegu ni moja, mafuta ni mawili. Aina kama Pervenets hutikiswa kidogo na baridi, kwa sababu jeni ya kimeng'enya hicho imezimwa ndani ya punje.

Kwa hiyo aina ya oleiki ingeufaa uwanda wa juu kuliko bonde. Lakini mafuta ya alizeti yamo katika kiini cha punje, ambacho ni mtoto wa baba na mama. Chavua ya jirani aliyepanda mbegu ya kawaida huweza kushusha oleiki msimu huo huo. Mradi wa namna hiyo hauwezi kufanywa na mkulima mmoja mmoja. Unahitaji kijiji kizima kukubaliana kupanda aina moja, au kutenga maeneo. Hilo ni suala la mkutano wa kijiji kabla ya kuwa suala la maabara.

Suala jingine ni soko. Juni 2021, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikutana na wadau Singida, na mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu ikapewa kipaumbele katika alizeti, pamoja na mbegu za ruzuku. Wakulima waliitikia. Kisha mafuta ya nje yakaingia kwa ushuru uliopunguzwa, na mwaka 2023 bei ya alizeti ikaporomoka. Rukwa haikuwa katika mikoa ile mitatu, lakini somo linaihusu. Mafuta yasiyo na sifa iliyopimwa hushindana kwa bei tu, na kwa bei tu mawese ya meli kubwa humshinda mkulima wa Kalambo, Rukwa.

Nini kifanyike? Vifaa vinavyosoma kiasi cha mafuta bila kuvunja punje vimekuwapo kwa miongo mingi. Kila halmashauri inayotegemea alizeti iwe navyo, na vyama vya msingi vinunue kwa daraja la mafuta. Vituo vya TARI vya Ilonga na Uyole vijaribu aina zake za alizeti juu Ufipa na chini bondeni, na vichapishe oleiki na linoleiki pamoja na mavuno. Vikundi vya vijiji vinavyozalisha mbegu za daraja la kuazimiwa vipewe maeneo yaliyotengwa kweli, na maofisa ugani wafuatilie maua yanapochanua, si wakati wa kugawa mifuko peke yake. Na taarifa ya mradi wowote wa alizeti Rukwa, kabla ya kutaja tani za mbegu na ekari, iseme lita ngapi zimetoka katika kilo mia za punje, na mkulima amelipwa nini kwa kila lita iliyoongezeka. Siku malipo yatakapofuata mafuta, mkulima mwenyewe atakuwa mlinzi wa mbegu.