Kwa Sundu, Kituo cha Misafara Kabla ya Busia

Kwa Sundu kilikuwa kijiji cha Wawanga chenye boma, mashariki ya Busia ya leo, mahali ulipo mji wa Mumias. Waswahili na Waarabu wa pwani waliokwenda huko kutafuta pembe za ndovu katika karne ya 19 walikiita kwa jina la mfalme wake, Nabongo Shiundu. Shiundu alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1880. Mwanawe Mumia akashika kiti hadi 1949, na mahali pakajulikana kama Kwa Mumia.

Chakula ndicho kilichokipa kituo hiki uzito. Njia ya kutoka Mombasa ilipita nchi ya Wamasai, wafugaji wasiolima nafaka, kisha ikapanda nyanda za baridi zenye watu haba. Mpagazi mwenye mzigo mzima begani hakuweza tena kubeba posho ya miezi. Kwa Wawanga alikuta mtama, wimbi, viazi vitamu na kuku, vyote vikinunuliwa kwa ushanga. Joseph Thomson alifika hapo mwishoni mwa 1883, baada ya safari iliyoanza Machi. Misafara ilipumzika, ikaacha wagonjwa na marobota ya kitambaa cha marekani, ikatuma watu Mlima Elgon kusaka ndovu. Mumia naye alipata bunduki na washirika dhidi ya jirani zake, ambao ndio walioumia kwa urafiki huo. Baadhi ya wageni walilowea, na Uislamu ukaota mizizi Mumias.

Biashara yenyewe haikuletwa na wageni. Katika vilima vya Samia, ndani ya kaunti ya Busia ya sasa, wahunzi waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe. Jembe la Samia lilibadilishwa kwa mbuzi au nafaka, na lilitolewa hata kama mahari.

Kutoka Kwa Sundu kwenda Busoga, njiani kuelekea Buganda, kulikuwa na hatari nyingine. Waganda waliamini kwamba atakayeiteka nchi yao angetokea mashariki. Oktoba 1885 Askofu James Hannington alimwacha Kwa Sundu kasisi Mwafrika, William Jones, pamoja na sehemu kubwa ya msafara, akaendelea na watu 50. Tarehe 29 aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na karibu wote aliokwenda nao wakauawa. Manusura wachache walirudi na habari, na Jones akawaongoza waliobaki hadi Rabai. Askofu anakumbukwa kila mwaka. Wapagazi wale, ambao wengi hawatajwi hata jina, wanastahili kumbukumbu iyo hiyo.

Miaka minne baadaye Mwanga mwenyewe aliomba msaada. Barua zake zilimfikia Frederick Jackson wa kampuni ya Kiingereza Kwa Mumia, naye akaenda Elgon kuwinda. Mapema 1890 Mjerumani Carl Peters alifika kambini, akazisoma, akakimbilia Buganda kutia saini mkataba. Mkataba huo ulibatilishwa na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya Julai mwaka huohuo.

C. W. Hobley aliwekwa Mumias mwaka 1895 kama mtawala, wakati eneo lote likihesabiwa kuwa la Uganda. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, misafara ya miguu ilikosa kazi. Tarehe 1 Aprili 1902 jimbo la mashariki la Uganda likahamishiwa himaya iliyokuja kuwa Kenya, na mpaka ukawagawa Wasamia na Wateso.

Biashara ikahamia mpakani. Reli ya kwenda Kampala, iliyokamilika mwaka 1931, ilipitia Malaba na Tororo, na Tororo ikapata kiwanda cha saruji katika miaka ya 1950. Busia ikakua kando ya barabara. Katika miaka ya 1970, bei ya kahawa ilipopanda na uchumi wa Uganda ulipoanguka chini ya Idi Amin, magunia ya kahawa yalivushwa usiku kwa magendo kuingia Kenya. Baiskeli za boda boda zilianzia huku, zikibeba abiria na mizigo yao kati ya vituo viwili vya forodha. Tangu 2018 Busia ina kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo msafiri na lori hukaguliwa mara moja tu, upande wa nchi wanayoingia.